Ukiandika Kila Mwendo, Andika Pia Kila Shilingi

Wasee wa chesi, leo hakuna mambo ya ufunguzi wala mitego ya kushinda haraka. Leo tunaongea doo.

Kila mtu aliyewahi kucheza mashindano rasmi ya muda mrefu anajua sheria hii. Ukisogeza kete, unaandika. Mpinzani akisogeza, unaandika pia. Karatasi inakaa wazi mezani ili refa akipita aione. Mchezo ukiisha, nyote wawili mnatia sahihi, na ile karatasi ni mali ya waandaaji, si yako. Hakuna mchezaji anayekasirika akiambiwa aandike. Hakuna anayesimama kusema, "Kwani unaniona mwizi?" Mabingwa wa dunia wanaandika, na mtoto wa darasa la sita anaandika.

Sasa mbona tabia hii inaishia ubaoni? Tukitoka mezani tukaingia kwenye mambo ya ada, wadhamini, vifaa na mikataba, ghafla ukiuliza swali unaambiwa una nia mbaya. Unaambiwa unaharibu mchezo. Ati subiri mkutano mkuu. Mkutano ukifika, ripoti ya pesa inasomwa dakika tano za mwisho watu wakiwa wanatafuta matatu ya kurudi nyumbani.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea hadi mwisho: shirika lolote la chesi linaloishi kwa ada za wanachama, liwe klabu ya mtaa, chama cha kaunti au shirikisho la taifa, linafaa kuweka hesabu zake na mikataba yake wazi bila kungoja kuombwa. Hii isingoje skendo wala kelele. Iwe ni kawaida tu, kama kuandika mwendo.

Kabla mtu hajaanza kunitumia meseji: simshtaki mtu yeyote. Sisemi pesa za chesi Kenya zimeliwa. Ninasema mwanachama hafai kutegemea imani tu. Imani ni ya kanisani na msikitini. Pesa ni ya daftari.

Tufuate hiyo shilingi kwanza, kwa sababu wengi wetu tunalipa bila kujua inaenda wapi. Chukua mfano wa kubuni: klabu ina watu 60, na kila mmoja anatoa 500 kwa mwaka. Hiyo ni 30,000. Ongeza ada za kuingia mashindano. Ongeza fulana ambazo lazima mnunue kutoka kwa mtu mmoja aliyechaguliwa na mtu ambaye hamjui. Ukicheza mashindano yanayohesabiwa kwenye reitingi ya kimataifa, kuna ada inayopanda hadi FIDE, shirikisho la dunia, ambalo ofisi zake ziko Lausanne, Uswisi. Kwa kila ngazi kuna mtu anayepokea, mtu anayelipa na mtu anayetia sahihi. Wewe uko chini kabisa ya hiyo ngazi, lakini bila wewe ngazi haipo.

Na si pesa tu inayopanda, hata kura yako inapanda. Kwenye mkutano mkuu wa FIDE kila nchi mwanachama ina kura moja. Kura ya Kenya ina uzito sawa na ya Marekani au ya India. Hiyo kura inapigwa kwa jina lako wewe unayecheza chini ya mti Wote.

Unadhani kura kama hiyo haina bei? Sikia hii. Mwaka 2014 Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, aligombea urais wa FIDE dhidi ya Kirsan Ilyumzhinov. Januari mwaka huo gazeti la New York Times likachapisha habari za rasimu ya mkataba kati ya upande wa Kasparov na Ignatius Leong wa Singapore, ambaye wakati huo alikuwa katibu mkuu wa FIDE. Ndani kulikuwa na dola 500,000, na kulikuwa na suala la kura za mashirikisho ya Asia. Kasparov alijitetea kwamba pesa zilikuwa za kukuza chesi. Uchaguzi ulifanyika Tromsø, Norway, mwezi wa Agosti, na akashindwa kwa kura 110 kwa 61. Mwaka uliofuata tume ya maadili ya FIDE ikawapata wote wawili na hatia na kuwafungia nje ya vyeo kwa miaka miwili.

Na usidhani upande wa pili ulikuwa wazi kama kioo. Mwaka 2012 FIDE chini ya Ilyumzhinov ilitoa haki za kibiashara za mashindano ya ubingwa wa dunia kwa kampuni moja iliyoitwa Agon. Maswali kuhusu nani hasa yuko nyuma ya hiyo kampuni yaliwasumbua watu wa chesi kwa miaka.

Angalia kitu kinachounganisha hizo hadithi mbili. Mwanachama wa kawaida, yule anayenunua bodi ya plastiki na kucheza Jumamosi, alijua mwisho. Alijua kwa sababu karatasi ilivuja. Mkataba ukijulikana kwa kuvuja, tayari umechelewa. Kinachobaki ni kugawana lawama.

Mtu atasema hayo ni mambo ya wazungu na Warusi. Haya, turudi nyumbani.

Novemba 2015 wanariadha wa Kenya walivamia Riadha House pale Nairobi, makao makuu ya Athletics Kenya, wakawafungia maafisa nje. Hawa ni watu waliotuletea medali, wamekaa kwenye ngazi za ofisi yao wenyewe wakidai kujua pesa zao zilienda wapi. Mwezi huohuo shirikisho la riadha duniani likawasimamisha maafisa watatu wa juu kwa sababu ya tuhuma kuhusu pesa za udhamini wa Nike. Machi 2016 New York Times likaandika yaliyokuwa ndani ya huo mkataba: bonasi ya dola 500,000 ya kutia sahihi, na dola 100,000 kila mwaka za posho ya heshima. Mwaka 2018 bodi ya maadili ya riadha duniani ikamfungia maisha David Okeyo, aliyekuwa makamu wa rais wa Athletics Kenya.

Fikiria tu. Nembo ya hiyo kampuni ilikuwa kifuani mwa kila mwanariadha wa timu ya taifa. Dunia nzima iliiona nembo. Bei ya nembo ndiyo haikuonekana. Kama ukurasa mmoja tu wa huo mkataba ungekuwa ukutani Riadha House tangu siku ya kwanza, ukionyesha nani analipa, kiasi gani, kwa akaunti gani na kwa kazi gani, kuna mtu angeuliza kuhusu hiyo bonasi ndani ya wiki moja. Haingehitaji mwandishi wa Marekani kuja kutuambia.

Chesi ya Kenya haina pesa za Nike, najua. Lakini tabia hazianzi siku ya mamilioni. Zinaanza siku ya elfu thelathini.

Sasa hapa ndipo nataka watu wa Makueni wakae sawa, kwa sababu sisi hatuna kisingizio. Kaunti yetu inajulikana mbali kwa kitu kimoja: kuuliza. Tangu enzi za Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza kuanzia 2013 hadi 2022, mikutano ya wananchi kuhusu bajeti ilianzia kijijini ikapanda hadi wadi na kaunti. Mradi ukija, watu wa eneo wanachagua kamati ya kuusimamia, na mkandarasi halipwi mpaka kamati ikubali kwamba kazi imefanyika. Mama anayeuza ndengu sokoni ana sahihi ambayo mkandarasi mwenye lori anaihitaji. Halafu mwaka 2019 kaunti ikafungua tovuti ya kandarasi zake, ambapo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuangalia tenda: ilitangazwa lini, nani alishinda, kwa bei gani, na imefika wapi.

Sijasema Makueni ni mbinguni. Barabara zingine unazijua wewe mwenyewe. Ninachosema ni kwamba kijana wa Wote anaweza kukaa kibandani na bando ya shilingi ishirini akatafuta bei ya kisima cha kata nyingine. Kijana huyohuyo anajuaje bei ya saa za chesi ambazo chama chake kilinunua? Kandarasi ya serikali inaonekana, ya kilabu chake haionekani. Hiyo ni mambo ya kinyume kabisa.

Na kama mfano wa serikali unakuchosha, angalia chama cha akina mama. Chama cha kweli, cha kutoa mia mbili mia mbili. Mweka hazina anafungua daftari mbele ya kila mtu na kusoma: fulani ametoa, fulani ana deni, fulani amekopa, salio ni hili. Hakuna anayelia kwamba ameshukiwa. Wazee walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema mali bila mwizi. Walisema bila daftari. Pesa inaweza kupotea hata pale ambapo kila mtu ni mwaminifu, kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Sheria nayo iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo kwa serikali, na pia habari zilizo kwa mtu mwingine yeyote kama unazihitaji kulinda haki yako. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaenda mbali zaidi. Inagusa hata mashirika ya binafsi yanayotumia pesa za umma au yanayofanya kazi ya umma. Kwa hivyo chama cha michezo kikipokea doo za serikali kupeleka timu nje, hakiwezi kujificha nyuma ya maneno "hiki ni chama binafsi".

Na sikiza hii, ndiyo napenda zaidi: sheria inasema ombi lako linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Huhitaji wakili wala Kiingereza cha suti. Ukishaandika, unafaa kujibiwa ndani ya siku 21. Ukinyimwa, unaenda kwa ofisi ya Ombudsman, ile ambayo kaulimbiu yake ni "Hata mnyonge ana haki". Pia kuna Sheria ya Michezo ya 2013, iliyotupa Msajili wa Michezo na jopo la kusikiza mizozo ya michezo. Milango ipo. Ni sisi hatujabisha.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani, shirika lisilo la faida linalosamehewa kodi, na shirikisho la chesi la huko ni moja wapo, linajaza fomu kila mwaka ya mapato, matumizi na mishahara ya wakubwa. Mtu yeyote akiiomba anapewa, hata kama si mwanachama. Chesi haijafa Marekani kwa sababu watu wanajua mkurugenzi analipwa ngapi.

Sasa nisikize majibu ambayo hutolewa, kwa sababu mengine yana maana.

La kwanza: "Mdhamini hataki mkataba wake uonekane." Sawa. Hata sheria ya 2016 inakubali kuficha kitu ambacho kikitoka kitaumiza biashara ya mtu. Basi usichapishe kurasa zote 20. Chapisha moja. Nani ametudhamini, kwa pesa ngapi au vifaa gani, kwa muda gani, sisi tumempa nini, nani alijadiliana kwa niaba yetu, na kama kuna mtu amelipwa kamisheni. Mdhamini akikataa hata hizo laini sita, mimi ningeanza kujiuliza anadhamini nini.

La pili: "Sisi tunajitolea, hatulipwi, halafu mnatuuliza risiti." Hili naliheshimu. Kuna watu wanabeba bodi kwenye matatu, wanalipia ukumbi kutoka mfukoni, wanakosa wikendi zao zote. Lakini hao ndio uwazi unawasaidia kuliko mtu yeyote. Uvumi haubagui. Mtu akinong'ona kwamba mweka hazina amenunua pikipiki, mweka hazina mwaminifu asiye na hesabu zilizochapishwa hana cha kujitetea nacho isipokuwa machozi. Mwenye karatasi anasema tu, "Soma." Na kama umetumia pesa zako kusaidia chama, iandike! Tuone ni nani anayetubeba.

La tatu hulisemwi kwa sauti, lakini unalisikia: "Nyinyi ni watoto." Ni kweli chesi ya Kenya imejaa wanafunzi. Lakini ada ya mwanafunzi imetoka kwa mzazi aliyeuza maembe au mbuzi. Na ndiyo maana zaidi: mtoto hawezi kusimama kwenye mkutano mkuu kubishana na mtu mzima. Karatasi iliyowekwa ukutani inamsaidia bila yeye kuinua mkono.

Mnakumbuka Kenya Open ya Aprili 2023? Kijana wa kiume wa miaka 25 aliingia kitengo cha wanawake Nairobi akiwa amejifunika mwili mzima, na jina la kike. Tatizo halikuwa vazi. Wasichana wanaovaa hijabu wanacheza chesi safi kila siku. Tatizo lilikuwa kwamba mtu asiyejulikana na yeyote alikuwa anapiga wachezaji wakali, haongei, na viatu vyake havikuendana na hadithi yake. Waandaaji wakamuita pembeni, wakamuuliza, ukweli ukatoka. Walifanya vizuri kabisa. Shirikisho lina haki ya kujua nani amekaa kwenye kiti na kama kweli ni yule anayejiita.

Basi haki hiyo iende pande zote mbili. Mimi nikiulizwa kitambulisho mlangoni, nami niruhusiwe kuuliza: hii kampuni iliyouza vifaa ni ya nani? Ina uhusiano na mtu kwenye kamati? Bei zingine zilikuwa ngapi?

Kinachoniuma hasa ni hiki. Vijana wa nje ya Nairobi wengi wanaamini kwamba wanalipa ada sawa na wa Nairobi lakini wanapata kidogo. Mashindano mbali, makocha mbali, vifaa mbali. Labda ni kweli. Labda ni hisia tu. Bila hesabu, hakuna anayeweza kujua, na hapo ndipo watu wanaacha. Hawaachi kwa vita. Wanaacha kwa kimya. Mwaka huu hawajilipii, mwaka ujao hawaji, na kipaji kimoja kinarudi kucheza na simu kitandani. Shirika linapoteza mwanachama bila hata kujua sababu.

Kwa hivyo, tufanye nini? Tuanzie chini, klabu yako, shule yako, kaunti yako.

Uliza pesa zinaingia akaunti ya nani. Ukiambiwa utume ada kwa namba ya simu ya mtu binafsi, uliza kwa adabu kama chama kina akaunti yake, na uombe risiti. Uliza taarifa ya mapato na matumizi itolewe kila miezi mitatu, ukurasa mmoja tu, kwenye grupu la WhatsApp. Uliza orodha ya mikataba yote iliyo hai. Omba kila kiongozi aandike kama yeye au jamaa yake ana biashara na chama. Na omba ripoti ya mwaka ifike kwa wanachama wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, si asubuhi ya mkutano.

Kuna vitu vya kuficha, na vifichwe: namba za simu za watoto, taarifa zao za afya, nywila za benki. Hakuna anayeomba hizo. Tunaomba kiasi, jina la aliyelipwa, na sababu.

Na ukiuliza, uliza kwa jina lako na kwa heshima. Usitukane mtu kwenye statasi halafu uite hiyo uanaharakati. Ukijibiwa vizuri, sema pia hadharani kwamba umejibiwa. Kiongozi anayefungua vitabu anastahili kura, hata kama hesabu zake zina makosa madogo. Makosa yaliyo wazi yanarekebishika.

Kama unagombea uongozi wa chesi popote Ukambani mwaka huu, nina swali moja tu kwako, na sitajali rating yako ni ngapi: utachapisha lini? Nipe tarehe. Nitaiandika.